Kuku Kapata Kumi na Tatu

Jumatatu, tarehe 9 Machi

Kumi na moja. Kati ya arobaini! Mjukuu wangu, aliyejua firigisi na ini kabla hajajua kufunga kamba za viatu, kapata kumi na moja kwenye mtihani wa baiolojia. Karatasi kaikunja mara nne, kaificha chini ya sahani. Mimi chini ya sahani naona. Mimi naona kila kitu.

Naandika humu kwenye daftari la oda za kuku ili siku wakinigeuka niwe na ushahidi. Niliishia darasa la nne, na lilinitosha. Waliosoma kunizidi ndio hawa wanaompa mtoto kumi na moja.

Mambo yalivyo ni haya. Shule imetangaza kwamba atakayepata chini ya ishirini anaondolewa mkondo wa sayansi. Orodha inabandikwa wiki ijayo. Mtoto anataka kuwa daktari wa mifugo, na hajabadilisha neno tangu ana miaka sita. Bila baiolojia atakuwa daktari wa nini? Wa baiskeli?

Nikamuuliza hukusoma? Akasema nilisoma, bibi. Hukujua? Nilijua. Hukujibu? Nilijibu. Sasa imekuwaje? Hajui. Akalia, akaenda kulisha kuku huku analia. Mtoto huyu uongo hauwezi. Hana kipaji hicho, hakukirithi kwangu.

Jioni Fundi Mapazia, jirani yangu, kaegemea ua wake akanisalimia kwa sauti ya asali. Eti shoga, wako kapata ngapi? Mjukuu wake anasoma darasa moja na wangu. Wake kapata thelathini na tatu, akanitajia wala sikuuliza. Nikasema wangu bado hawajampa karatasi. Mjukuu akatokea nyuma yangu akasema kumi na moja, shikamoo. Nimesema kipaji hana!

Thelathini na tatu. Msichana yule mwezi jana aliniuliza jogoo anataga mara ngapi kwa wiki.

Kuna kitu hapa.


Jumanne, tarehe 10 Machi

Nimeichukua karatasi ya maswali nikaenda nayo sokoni, bandani kwangu. Hiyo wameruhusiwa kurudi nayo nyumbani. Ile ya majibu, yenye visanduku vya kutia kivuli kwa penseli, imebaki shuleni. Kwa nini imebaki? Nauliza tu. Mwalimu aliwasomea majibu sahihi, herufi tupu, moja hadi arobaini, na mjukuu kayaandika pembeni.

Kila swali lina majibu manne, A, B, C na D. Unachagua moja. Basi. Hakuna kueleza, hakuna kushika kitu, hakuna kunusa. Mimi nikimwajiri mtu bandani simuulizi A au B. Nampa kisu namtazama.

Nikachukua punje za mahindi nikaanza kuhesabu. C kumi na sita. B kumi. A tisa. D tano! D kawakosea nini?

Kisha nikapima majibu kwa uzi. Hapo ndipo nywele ziliponisimama. Mara ishirini na nne jibu sahihi ndilo refu kuliko yote! Limenona, limevaa koti, na wenzake watatu wamekonda kama vifaranga vya njaa. Mtu asiyejua ini wala utumbo, akichagua lililonona tu, anapata ishirini na nne. Anabaki sayansi. Kesho anampasua ng'ombe!

Mteja kaja anataka kuku wawili. Nikamwambia angoje, niko kwenye uchunguzi. Kaenda banda la pili. Aende.

Sasa jambo kubwa. Mapazia ya chumba cha walimu yalishonwa na nani? Na Fundi Mapazia! Mwezi uliopita. Alikwenda kupima madirisha siku tatu. Madirisha manne, siku tatu. Alikuwa anapima nini mle ndani?


Jumatano, tarehe 11 Machi

Nimefanya jaribio. Watu wa sayansi wanapenda majaribio, nami nimewapa.

Vifuniko vinne vya ndoo. Nikaandika A, B, C, D kwa mkaa. Kila kimoja punje moja ya mtama. Nikamtoa tetea mwekundu mwenye kidole kilichopinda, yule ambaye wateja wote wanamkataa. Namsomea swali. Anadonoa. Naandika. Naweka punje nyingine, nasoma swali la pili. Hivyo hivyo hadi arobaini. Asubuhi nzima. Swali la ishirini alilala kidogo, nikamwamsha.

Kuku kapata kumi na tatu.

Nimesahihisha mara mbili, kumi na tatu ile ile. Mtoto mwenye macho mawili na madaftari saba kapata kumi na moja, kuku asiye hata na begi kamzidi kwa alama mbili! Mwenye Bucha, jirani yangu wa kushoto, alishuhudia tangu mwanzo. Alicheka mpaka akaweka panga chini. Anasema kuku huyu asichinjwe, apelekwe chuo kikuu. Nikamwambia acha upuuzi, weka sahihi hapa. Akaweka, na damu ya mbuzi kidogo.

Basi nimejua. Mtihani ule ni bahati nasibu. Tena umeuzwa.

Nyumbani nikamweleza mjukuu kwa furaha. Nilidhani atafurahi. Akaniuliza, bibi, umenishindanisha na kuku? Nikasema si kwa ubaya. Akauliza, na kanishinda? Nikasema kwa alama mbili tu. Akala, akaosha sahani yake peke yake, yangu akaiacha.

Watoto wa siku hizi hawajui kushukuru.


Alhamisi, tarehe 12 Machi

Nimekwenda shuleni. Kuku ndani ya kikapu, vifuniko vinne kwapani, ushahidi wa Mwenye Bucha mfukoni.

Mkuu wa shule ni mtu wa kukohoa kabla ya kila neno. Alikohoa, akasema mama karibu, ana dakika kumi. Akamwita mwalimu wa baiolojia. Binti mdogo, miwani mikubwa kuliko uso. Nimempa jina Miwani. Akaniamkia kwa heshima, kapiga goti kidogo. Nikasema moyoni, heshima ya namna hii ina sababu.

Nikapanga vifuniko juu ya meza ya Mkuu. Maswali kumi ya kwanza. Kuku akatazama dirisha. Akamtazama Mkuu. Akadonoa kalamu. Mwishowe kapata moja kati ya kumi. Moja! Jana alikuwa moto! Kisha akaniaibisha juu ya daftari la mahudhurio.

Mkuu akakohoa mara mbili.

Miwani hakucheka. Akasema bibi, umeonyesha jambo la kweli. Kipimo cha kuaminika ukipima tena hakikupi jibu jingine kabisa. Kuku anabahatisha, kwa hiyo leo moja, jana kumi na tatu. Akasema tena, na kuna la pili. Kipimo kipime kile kinachodai kupima. Ni kama mzani wako wa bandani, bibi. Unaweza kusema kilo mbili kila siku bila kuyumba, kumbe kuku ni kilo moja na nusu. Hauyumbi, lakini ni mwongo.

Nani kamwambia kuhusu mzani wangu? Mwenye Bucha! Na sahihi kaweka!

Nikabadilisha mada haraka. Nikamuuliza kwa nini jibu sahihi limenona. Akachukua karatasi, akatazama, akaona haya. Akasema alitaka majibu sahihi yawe kamili, hakuona kwamba yamekuwa marefu. Nikamuuliza kuhusu C. Akasema hakuhesabu. Mimi nilihesabu, nikamwambia. Kwa mahindi.

Kisha nikamsukumia na mapazia. Nikasema majibu yametoka nje kwa njia ya dirisha. Akasema bibi, samahani, ama yaliuzwa ama ni bahati nasibu, yakiuzwa haiwi tena bahati. Chagua moja. Nikamwambia kwenye karatasi yako sikuona pa kuchagua yote mawili, lakini mimi nachagua yote mawili.

Halafu swali la saba. Hilo nililiweka la mwisho, kama firigisi. Moyo wa ndege una vyumba vingapi? A, kimoja. B, viwili. C, vitatu. D, vitano. Na jibu la mwalimu ni D. Nikasema binti yangu, nimepasua mioyo ya kuku miaka thelathini na moja. Vinne. Moyo wa vyumba vitano huo si moyo, ni nyumba ya wageni!

Miwani kaishika karatasi kwa mikono miwili. Kaisoma tena. Akasema kwa sauti ndogo kwamba alitaka kuandika vinne, kaandika vitano, na darasani alisoma herufi tu, hakusoma jibu. Machozi yakamlengalenga. Nilitaka kumhurumia nikajizuia.

Ndipo akasema, bibi ngoja, nikalete karatasi ya majibu ya mjukuu wako tuitazame pamoja, hii kumi na moja yake hata mimi inanishangaza. Akaelekea mlangoni.

Haa! Nikajua hapo hapo. Anakwenda kuigusa! Anakwenda na kifutio! Nikamwambia Mkuu sitaki kuona karatasi yoyote, nataka mtihani ufutwe. Wote. Miwani akasema bibi, dakika mbili tu. Nikasema hata moja sitoi. Mkuu akatazama saa, akatazama daftari la mahudhurio, akakohoa, akasema sawa. Mtihani umefutwa. Darasa zima linarudia Jumatatu.

Nimeshinda! Nimerudi nyumbani naimba. Kuku pia.


Ijumaa, tarehe 13 Machi

Wamekasirika arobaini na nane. Darasa zima. Mjukuu anasema hakuna aliyekaa naye wakati wa mapumziko. Mmoja kamlilia kama kuku, darasa likacheka. Nikamwambia nitajie jina la baba yake. Akakataa.

Kisha akakaa kwenye kiti cha mezani, mgongo wima, akanieleza jambo. Leo Miwani kamwita, kamwonyesha karatasi yake ya majibu. Kumbe swali la saba mtoto aliliona halina jibu. Anajua moyo wa kuku, nimemwonyesha mwenyewe, kwa kidole. Vinne havipo, basi akaliruka. Lakini kwenye visanduku hakuruka. Jibu la nane akaliweka kwenye mstari wa saba, la tisa kwenye wa nane, na yote yakapanda ngazi moja hadi mwisho. Ya arobaini pakabaki patupu, akadhani kaishiwa muda. Miwani kachukua rula, kashusha kila jibu mstari mmoja, kahesabu upya.

Thelathini na moja.

Alikuwa na thelathini na moja! Angebaki sayansi jana saa nne asubuhi. Miwani alikuwa anakwenda kuileta karatasi hiyo hiyo. Mjukuu akasema, bibi, dakika mbili tu, alikuomba dakika mbili. Sasa mtihani umefutwa kwa barua, na hiyo thelathini na moja imefutwa nao. Nikianguka Jumatatu, hakuna mtihani mwingine.

Nikamwambia hiyo thelathini na moja imekuja kirahisi mno. Ichunguzwe.

Akasimama. Akasema anataka kuwa daktari wa mifugo, hataki kuwa kesi yangu. Akaenda kwenye banda la kuku akakaa ndani, juu ya ndoo. Nilimwona dirishani anafuta macho kwa bega, mikono imejaa pumba.

Sikujisikia vizuri. Labda chakula.

Halafu Fundi Mapazia uani kwangu, tepu shingoni, pini mdomoni. Alizitoa pini kwanza, moja moja, kisha akanipa maneno. Eti wewe mwanamke, mjukuu wangu alikuwa na thelathini na tatu zake kwa jasho lake, leo anaanza upya kwa sababu ya kuku wako! Nikamwambia kama ni jasho, Jumatatu litamtoka tena. Akasema laiti ningekushona mdomo, na uzi ninao. Nikamwambia pima kwanza, najua itakuchukua siku tatu. Hakuelewa. Au alijifanya.


Jumamosi, tarehe 14 Machi

Mpango mpya. Mtoto asianguke, basi. Mengine baadaye.

Leo anasaidia bandani kama kila Jumamosi. Nikampa masharti. Chagua jibu lililonona. Yakilingana unene, chagua C. Rudia nyuma yangu. Akasema bibi, mwalimu kasema safari hii majibu yote yatakuwa na urefu sawa, na herufi kazipanga kwa kupiga kura. Nikasema hizo ni porojo za kututoa kwenye reli. Akasema tena, nusu ya alama ni kupasua kuku na kutaja viungo kwa mkono, mbele ya mwalimu, maana nilimwambia unavyolalamika kwamba hakuna kushika kitu.

Mimi sikumlalamikia mtu. Niliandika humu. Anasoma daftari langu! Kuanzia leo linalala chini ya mto.

Mchana akapasua kuku kumi na mmoja. Kila mmoja anataja. Gole, firigisi, ini, nyongo, wengu, mapafu. Wengu mimi nilikuwa naita kitu chekundu. Akanionyesha polepole, kidole juu ya kidole changu, kama nilivyokuwa nikimwonyesha. Mwenye Bucha akaacha kazi akatazama. Hakufanya mzaha. Akasema huyu ni daktari tayari, bado cheti tu.

Nilikuwa na mavi ya kuku jichoni.

Jioni nikamwapisha. C na kunona. Akasema ndiyo bibi.


Jumapili, tarehe 15 Machi

Saa tisa alasiri Fundi Mapazia katoka na furushi, anaelekea upande zinakokaa nyumba za walimu. Siku moja kabla ya mtihani! Na furushi! Nikamfuata. Nikapita nyuma ya kiwanda cha matofali, nikajibana nyuma ya tangi la maji la nyumba ya Miwani. Nimebana vizuri kabisa. Shida ilikuwa kutoka.

Miwani mwenyewe ndiye alinikuta, kaja kuchota maji. Shikamoo bibi. Marahaba. Akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikasema kuku. Akanisaidia kutafuta kuku dakika kumi na tano, ndoo mkononi, hadi chini ya ngazi. Kuku hakuwepo, bila shaka. Kisha akanivuta mkono nikatoka, na kunikaribisha ndani. Furushi lilikuwa shuka la kitoto na pazia dogo la maua. Anajifungua mwezi wa tano. Sikuwa nimeona. Mimi naona kila kitu.

Tukarudi pamoja, mimi na Fundi Mapazia, njia moja, hatusemezani. Karibu na nyumbani akasema, mjukuu wake tangu Ijumaa hali vizuri. Anaogopa kisu. Hajawahi kumshika hata kuku mzima. Akasema na macho kayaelekeza kwenye viatu vyake.

Nikamhurumia. Kama dakika moja. Nikamwambia mlete asubuhi kabla ya shule, ashike wangu mmoja. Akasema asante, shoga.

Shoga! Anataka nini?


Jumatatu, tarehe 16 Machi

Wamefanya mtihani. Asubuhi msichana wa Fundi Mapazia alikuja kushika kuku. Alimshika kama mtu aliyeshika moto. Mjukuu wangu akamwonyesha mbawa zinavyobanwa, kisu kinavyoanza chini ya kidari, wapi nyongo isitobolewe. Walikuwa wanacheka. Sijui kwa nini walikuwa wanacheka.

Mchana nikamuuliza vipi. Akasema vizuri. Alitumia rula chini ya kila mstari. Nikamuuliza, na C? Akasema ndiyo bibi. Umechagua yaliyonona? Ndiyo bibi.

Hiyo “ndiyo bibi” yake naijua. Ndiyo hiyo aliyoniambia nilipomkataza asimpe jina yule tetea mwekundu.


Alhamisi, tarehe 19 Machi

Thelathini na sita!

Kati ya arobaini! Kapasua kuku mbele ya Miwani, na kila kiungo kakitaja bila kusita. Jina lake liko kwenye orodha ya sayansi, limebandikwa ubaoni, nimeligusa kwa kidole changu mwenyewe. Nilifunga banda mchana. Nimemwambia Mwenye Bucha, nimemwambia muuza ndizi, nimemwambia mtu aliyekuwa anauliza njia tu. Mjukuu kanikumbatia mbele ya watu. Kaninong'oneza kwamba hakuchagua C hata mara moja kwa sababu yangu. Nimemsamehe.

Nikarudi nyumbani mwepesi kama manyoya. Nikaegemea ua, maana sasa ilikuwa zamu yangu. Nikamuuliza Fundi Mapazia kwa sauti ya asali, shoga, wako kapata ngapi?

Thelathini na sita.

Nini? Nikamwambia rudia. Thelathini na sita, akasema, sawasawa na wako, watakaa dawati moja, tuwashukuru hawa watoto. Akacheka na meno yote.

Sawasawa! Arobaini na nane darasani, na hawa wawili sawasawa, nyumba kwa nyumba, ua katikati? Kati ya namba zote alizoumba Mungu? Mtoto aliyeshika kuku Jumatatu kwa mara ya kwanza? Nani kaangalia kwa nani? Na rula ile, mbona ilikuwa inang'aa?

Nimekaa nimefikiri. Kuna njia moja tu. Kesho asubuhi niende kwa Mkuu nikadai karatasi zote mbili zipimwe upya, mstari kwa mstari, mbele yangu. Zikifutwa zifutwe. Ukweli kwanza.

Nimemweleza mjukuu. Hakubisha hata kidogo. Alisema tu bibi, lala mapema basi. Akapita chumbani kwangu kufagia, ingawa si siku ya kufagia.

Sasa viatu vyangu vya kutokea sivioni. Nimetazama chini ya kitanda, nyuma ya mlango, juu ya kabati. Nimemuuliza. Anasema hajui, na katazama pembeni aliposema. Hatimaye uongo kajifunza!

Nitakwenda na ndala.